Sura ya Saba: Baiti 512 za Mwanzo wa Diski

Katika karakana nyingi za mafundi wa kompyuta, tangu Kariakoo hata vichochoro vya Nairobi na Mombasa, imekuwa ni ada kwamba maradhi yoyote ya mashine, yawe ni uzito wa mwendo, yawe ni virusi, yawe ni programu iliyokataa kufunguka, dawa yake ni moja tu, nayo ni kuipiga Windows upya. Sisemi kwamba dawa hiyo haifai, kwani aghalabu hufaa, na mwenye mashine huondoka ameridhika. Muradi wangu katika sura hii ni kuitazama ile hali inayowatoa jasho hata mafundi waliobobea, ambamo kazi yote imekwisha barabara, faili zimenakiliwa hadi asilimia mia, mashine imejizima na kujiwasha yenyewe kama ilivyo kaida yake, kisha badala ya kufunguka ikaandika mstari mmoja wa maneno meupe juu ya skrini nyeusi, ikanyamaza. Fundi huirudia kazi tangu mwanzo, akaifomati diski mara nyingine, akasubiri tena, na natija ikawa ile ile. Hapo ndipo husikika kwamba diski imekufa, au flashi ni mbovu, au mashine ina mkosi, ilhali mara nyingi kosa limekaa mahali ambapo kufomati hakufiki.

Kuufunga mfumo endeshi ndani ya diski ni kazi moja, na kuipatia mashine njia ya kuufikia mfumo huo inapowashwa ni kazi nyingine mbali, ingawa programu za kisasa za usakinishaji huzifanya zote mbili kwa mkupuo mmoja na hivyo kutufanya tusahau kwamba ni mbili. Asiyezitenganisha kazi hizi akilini mwake ataitibu ya kwanza maisha yake yote kwa ugonjwa wa ya pili.

Ili tulielewe jambo hili hatuna budi kurejea nyuma kidogo. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 haikuwa na diski ngumu. Ilisoma visahani laini, na kila kisahani kilikuwa na mfumo wake. Mwaka 1983 IBM ilipoleta mashine ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na mfumo wa PC DOS 2.0, pakazuka shauri jipya, kwamba diski kubwa kiasi hicho, kwa vipimo vya zama zile, yaweza kugawanywa sehemu mbalimbali na kukaliwa na mifumo zaidi ya mmoja, basi ni nani atakayeiambia mashine ianzie wapi? Jawabu walilolitoa wahandisi wale liliendelea kutumika kwa miongo mitatu na zaidi, na hata leo halijatoweka: sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512 tu, itengwe, isiwe mali ya patisheni yoyote, na ndani yake yaandikwe mambo matatu. Baiti 446 za mwanzo ni za programu fupi ya kuwashia. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali lenye mistari minne ya baiti 16 kila mmoja, ambalo hueleza kila patisheni inaanzia wapi na ina urefu gani. Na baiti mbili za mwisho ni alama ya uhalali, ambayo kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita huandikwa 55 na AA.

Mashine inapowashwa, ile programu iliyochomwa katika chipu ya ubao mama, tuiitayo BIOS, hujikagua kwanza, kisha huisoma sekta hiyo moja na kuiweka katika kumbukumbu kwenye anwani ya 7C00, ikatazama kama alama ya 55 na AA ipo, na ikiwapo huikabidhi hatamu na kujitoa. BIOS haijui Windows ni nini wala Linux ni nini, haijui faili wala folda. Inajua sekta ya kwanza, basi. Programu fupi iliyomo humo ndiyo inayolipekua jedwali kutafuta mstari wenye alama ya 80, yaani patisheni iliyo amilifu, na kuisoma sekta ya kwanza ya patisheni hiyo, ambayo nayo ina programu yake fupi inayojua kuitafuta faili ya kuanzishia mfumo. Ni mithili ya jumba lenye bawabu langoni: mwenye jumba aweza kuvipaka rangi vyumba vyote, akabadili mazulia na makabati, asiwe amemgusa bawabu aliyekaa nje, na bawabu huyo akiwa mgonjwa au amesahau mlango uko wapi, hapana mgeni atakayeviona vyumba vile vipya. Kuifomati C ni kupaka rangi chumba kimoja, maana ufomatishaji huanza pale patisheni inapoanza, na sekta ya kwanza ya diski iko nje ya kila patisheni.

Waliolifahamu jambo hili mapema kuliko wote, kwa bahati mbaya, ni watengenezaji wa virusi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore nchini Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika kirusi kilichojulikana kwa jina la Brain, ambacho kilikaa katika sekta ya kuwashia ya visahani laini, kikawa cha kwanza kuenea duniani kwa kompyuta za aina ya IBM. Mwaka uliofuata kikatokea New Zealand kirusi cha Stoned, na huyu alikuwa hodari zaidi, kwani alipoingia katika diski ngumu aliichukua sekta ya kwanza ya asili, akaihamishia sekta ya saba ya njia ile ile ya mwanzo, mahali ambapo DOS haikuwa na haja napo, naye akakaa katika nafasi yake. Mashine ilipowashwa BIOS ilimpa hatamu kirusi, kirusi kikajiweka katika kumbukumbu, kisha kwa adabu zote kikaisoma ile sekta ya asili na kuiacha iendelee na kazi, hata mwenye mashine asitambue lolote. Wengi waliogundua kwamba wameambukizwa walifanya lile tunalolifanya sisi leo: wakaifomati C, wakaifunga DOS upya, wakawasha, na Stoned akawa bado yupo. Kirusi cha Michelangelo, kilichozaliwa katika ukoo wa huyo Stoned, na ambacho kilingoja tarehe 6 Machi ili kiiharibu diski, kiliwatia watu hofu kubwa mwaka 1992 kupitia magazeti, ijapokuwa madhara yenyewe hayakufikia ile hofu.

Dawa iliyokuja kusifiwa baada ya hapo ilikuwa amri moja ya DOS, fdisk /mbr, ambayo huandika upya zile baiti za programu na kuliacha jedwali kama lilivyo. Ilikuwa dawa njema, walakini haikuwa ya kila mgonjwa. Kirusi cha One_Half, kilichoenea kuanzia mwaka 1994, kila mashine ilipowashwa kilisimba silinda mbili za diski, kikianzia mwishoni na kurudi nyuma, na ufunguo wa kuzisimbua kiliuhifadhi ndani ya sekta ile ile ya kwanza. Mtu aliyekimbilia kuisafisha sekta hiyo alikitoa kirusi kweli, na ufunguo ukaenda nacho, zikabaki data zisizosomeka abadan. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mtu asiandike chochote katika sekta ya kwanza kabla hajainakili. Kwa Linux iliyowashwa kutoka kwenye flashi, kazi hiyo ni amri moja: dd if=/dev/sda of=sekta.bin bs=512 count=1, na faili itakayopatikana iwekwe kwenye flashi nyingine. Hadhari ni mbili. Herufi za if na of zikibadilishana nafasi, nakala huwa ndiyo iandikwayo juu ya asili. Na siku ya kuirudisha, ikiwa patisheni zimebadilika tangu nakala ilipochukuliwa, zirudishwe baiti 446 tu za mwanzo, la sivyo jedwali la zamani litalifuta jipya.

Sasa tuje kwenye ule mstari mmoja wa maneno meupe, ambao mafundi wengi huupita bila kuusoma. Mstari ule ni ushahidi, na shahidi wake ni yule aliyekuwa na hatamu mkononi wakati safari ilipokatika. Ikiwa maneno yanasema hakuna kifaa cha kuwashia, aliyesema ni BIOS, na maana yake ni kwamba haikuiona diski kabisa, au iliiona na isiikute alama ya 55 na AA, au imeamrishwa kuanza na kifaa kingine. (Mashine za IBM za mwanzo hazikulalamika hivyo, zilipokosa pa kuanzia zilifungua lugha ya BASIC iliyochomwa katika chipu, na mtu akaanza kuandika programu.) Yakisema "Invalid partition table", "Error loading operating system" au "Missing operating system", basi BIOS imekwisha kufanya kazi yake, na anayesema ni programu ya sekta ya kwanza: katika la kwanza ameona jedwali lina kasoro, pengine patisheni mbili zote zimetiwa alama ya uamilifu, katika la pili ameshindwa kuisoma sekta ya patisheni, katika la tatu ameisoma asiikute alama yake. Yakisema "NTLDR is missing", kwa Windows za hadi XP, au "BOOTMGR is missing", kwa zile za tangu Vista, anayesema ni programu ya ndani ya patisheni, ambayo imeitafuta faili yake isiione. Na nembo ya Windows ikionekana, hata kama mashine itakwama baada ya hapo, sekta ya kuwashia haina taksiri yoyote, na msomaji afunge sura hii atafute nyingine. Kabla ya elimu yote hiyo, lakini, na ichomolewe flashi iliyosahaulika nyuma ya mashine, kwani idadi ya kompyuta zilizofomatiwa bure kwa sababu ya flashi hiyo haihesabiki.

Kisa kimoja kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa huwapata zaidi wanafunzi wa vyuo. Kijana ana Windows na Ubuntu katika diski moja; siku moja anaona Ubuntu inamlia nafasi, anafungua chombo cha diski ndani ya Windows, anaifuta patisheni ya Linux, anafurahia zile gigabaiti alizozipata, kisha anazima. Anapowasha anakutana na maneno mawili, grub rescue, na mshale mdogo unaomngoja. Huamini kwamba ameiua Windows, akatafuta flashi aisakinishe upya, na mara nyingine kazi na picha zake zote zikapotea katika hekaheka hiyo, ilhali Windows yake haijapungukiwa na hata herufi moja.

Kilichotokea ni hiki. GRUB, programu ya kuwashia Linux, ni kubwa mno kutoshea katika baiti 446, kwa hiyo hujigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza hukaa katika sekta ya kwanza, nalo halijui kusoma faili, hujua tu namba ya sekta ambamo fungu la pili linaanzia. La pili hukaa katika ule uwanda mtupu ulioko baina ya sekta ya kwanza na mwanzo wa patisheni ya kwanza, ambao katika diski za zamani, patisheni zilipokuwa zikianzia sekta ya 63, ulikuwa na sekta 62 tu, na siku hizi, kwa kuwa patisheni huanzia sekta ya 2048, hukaribia megabaiti nzima. La tatu, lenye menyu na moduli zote, hukaa ndani ya patisheni ya Linux. Kijana amelifuta la tatu na kuyaacha mawili; nayo yanawaka, yanamtafuta mwenzao, yanamkosa, yanaomba msaada. Kwa mashine ya BIOS, tiba ni kuwasha kwa flashi ya Windows, kuchagua ukarabati badala ya usakinishaji, kufungua dirisha la amri na kuandika bootrec /fixmbr, ambayo hailigusi jedwali wala faili. Ikiwa sekta ya patisheni nayo imeharibika, huongezwa bootrec /fixboot, na ikiwa orodha ya mifumo imepotea, bootrec /rebuildbcd.

Kinyume chake hutokea pia, na pengine ndicho kilicho mashuhuri zaidi: mtu anaipiga Windows upya kando ya Linux, na Windows, ambayo kwa tabia yake huandika sekta ya kwanza bila kumwuliza mtu, inaifuta GRUB, hata Linux ikawa haionekani tena ingawa ipo salama. Hapa huwashwa Linux ya flashi, patisheni ya asili ikapachikwa, mtumiaji akaingia ndani yake kwa chroot, akaandika grub-install /dev/sda, kisha update-grub. Jina ni la diski nzima, sda, wala si sda1. Tarakimu hiyo moja huipeleka GRUB ndani ya patisheni, na langoni pakabaki vile vile. Na ikiwa Linux haikufutwa bali GRUB imepotea njia tu, kwa kuwa patisheni zimepangwa upya, yaweza kuelekezwa papo hapo kwenye ule mshale: amri ya ls huorodhesha patisheni, mtu huzijaribu moja moja hata aione yenye folda ya /boot/grub, kisha huandika, mathalani, set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub, akafuatisha insmod normal, na mwisho normal, na menyu ikatokea. Asishangae kuona kwamba diski zinahesabiwa kuanzia sifuri na patisheni kuanzia moja; ndivyo walivyoamua.

Ule uwanda mtupu nao una visa vyake. Baadhi ya programu za Windows za kulinda leseni zilijificha humo, zikaandika alama zao juu ya GRUB, na mtu akaikarabati leo ikavunjika tena kesho alipoifungua programu ile. Na ubao mama wa miaka ya tisini uliweza kuwa na chaguo katika BIOS la kuonya juu ya virusi, ambalo huzuia maandishi yoyote katika sekta ya kwanza; likiachwa limewashwa, usakinishaji wa mfumo mpya ulikwama bila sababu iliyo bayana, kwani BIOS haikuweza kupambanua kirusi na msakinishaji halali. Anayezifufua mashine kuukuu kwa ajili ya shule au msikiti na alikumbuke.

Yote niliyoyaeleza mpaka hapa ni ya mashine za BIOS na jedwali la zamani. Jedwali hilo huhesabu sekta kwa biti 32, kwa hiyo haliwezi kuvuka baiti 2,199,023,255,552, yaani terabaiti mbili na ushei, na diski za leo zimekwisha kupita hapo. Mrithi wake huitwa GPT, na mrithi wa BIOS huitwa UEFI, ambayo haihitaji programu yoyote katika sekta ya kwanza, kwani yenyewe yajua kusoma faili. Huifungua patisheni ndogo ya FAT iliyotengwa kwa ajili hiyo, ikaitafuta humo faili yenye kiishio cha efi, na kuiendesha. Sekta ya kwanza imebaki na mstari mmoja wa aina ya EE, unaoziambia programu za zamani kwamba diski hii si tupu. Fauka ya hayo, GPT ina nakala ya pili mwishoni mwa diski, jambo ambalo laiti lingefanywa tangu 1983 lingeepusha mengi. Katika mashine ya namna hii, bootrec /fixmbr haina faida; amri ifaayo ni bcdboot C:\Windows, ikiongezewa herufi ya patisheni ya EFI baada ya kuipa herufi hiyo kwa diskpart.

Matatizo, hata hivyo, hayakuondoka, yalihama tu. La kwanza ni kupishana kwa namna mbili za kuwasha. Flashi ikiwashwa kwa namna ya UEFI na diski ikiwa na jedwali la zamani, msakinishaji wa Windows hukataa katakata na kusema kwamba diski hiyo haiwezi kufungwa Windows. Na flashi hiyo hiyo ikiwashwa kwa namna ya zamani, hukataa diski ya GPT vivyo hivyo. Fundi asiyejua huamua kuifuta diski nzima, ilhali angeweza kuingia tu katika mipangilio, akazima au kuwasha ule utangamano na BIOS, au, akiwa na Windows 10 ya toleo la 1703 na kuendelea, akaitumia programu ya mbr2gpt, ambayo hulibadili jedwali bila kufuta data. La pili ni la mashine zenye diski mbili, SSD mpya na diski ya zamani iliyoachwa kwa ajili ya picha na muziki. Windows hufungwa katika SSD, lakini msakinishaji, akiona patisheni ya kuwashia imekwisha kuwapo katika diski ya zamani, huweka faili za kuwashia huko huko. Mambo huenda vizuri kwa miezi, mpaka siku diski ya zamani inapochomolewa ikauzwe, na SSD iliyo nzima kabisa ikakataa kuwaka. Dawa ni kuchomoa diski zote nyingine kabla ya kusakinisha, kazi ya bisibisi ya dakika chache.

Limebaki lile ambalo mafundi hulisema kwanza nami nimeliweka mwisho kwa makusudi, yaani diski iliyokufa kweli. Sekta ya kwanza ni sekta kama nyingine, na uso wake waweza kuchakaa. Dalili zake hazifanani na zile tulizozitaja: mashine hukaa muda mrefu kabla ya kusema lolote, BIOS hulitaja jina la diski leo na kesho isilitaje, na msakinishaji hukwama katika asilimia tofauti kila mara. Kwanza ibadilishwe waya ya SATA, kwani ni rahisi na mara nyingine ndiyo mkosaji. Kisha isomwe hesabu ambayo diski yenyewe hujiwekea, iitwayo SMART, na katika orodha yake yatazamwe mawili, namba 5, ambayo ni idadi ya sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu, na namba 197, ambayo ni idadi ya zile zinazongoja hukumu. Sekta iliyo katika namba 197 huweza kupona au kuhamishwa ikiandikwa upya, na ndiyo sababu mara nyingine kuiandika sekta ya kwanza huonekana kumeiponya diski. Lakini namba hizo zikisomwa leo na kusomwa tena baada ya juma moja zikawa zimepanda, zinakiliwe data hima kabla ya jambo lingine lolote. Diski iliyofikia hapo haipigwi Windows, hununuliwa nyingine.